Baraza la zege kwenye ua wenye mteremko: panga maji kwanza, simiti baadaye

Mwezi wa tano mwaka jana nilisimama uani na mwavuli, ile mvua ya masika ya kumwagika bila adabu, jirani ananichungulia dirishani nadhani akifikiri nimerukwa na akili, na mie kazi yangu ilikuwa moja tu, kuangalia maji yanapita wapi. Yanashuka kutoka kwa bati, yanapiga kona ya jikoni, yanakata ua mshazari mpaka kwa migomba kule chini. Kila yalipopita nikachomeka kijiti. Hiyo ndo ilikuwa ramani yangu ya kwanza, kabla sijaita fundi na kabla sijauliza bei ya simiti.

Manake hili ni baraza la pili. La kwanza alilimwaga fundi fulani miaka mitano nyuma, siku mbili kazi imeisha, akachukua pesa yake akaenda. Upande wa chini alijaza kifusi tu bila kushindilia, akamwaga zege juu, masika mbili hazijaisha nusu ya nje ikazama na ufa ukatokea katikati unaingiza kidole. Pale mlango wa jikoni nako maji yalikuwa yanalala, asubuhi nikifungua mlango naanza na kupiga deki. Tulipolivunja ndo nikaiona ile waya ya BRC, wavu wa chuma unaowekwa ndani ya zege, imelala chini kabisa kwa udongo, imeoza, unaivunja na vidole kama tambi.

Kwa hivyo ninayoandika hapa ni ya mtu aliyelipa mara mbili.

JUA UMEKAA JUU YA NINI

Mombasa si moja. Kisiwani, Nyali, Bamburi kwenda Shanzu, chini ni mwamba wa matumbawe, ukichimba futi moja tu sururu inalia. Mwamba huo unabeba uzito vizuri na maji unayanywa haraka, tabu yake ni kuchimba, na mara nyingine unakuta mapango madogo madogo yanayotaka kujazwa. Lakini ukivuka Makupa ukaja huku kwetu Mikindani, Changamwe, Jomvu, Miritini, chini ni mawe laini ya tabaka tabaka yaliyogeuka udongo wa mfinyanzi. Udongo huo ukilowa unavimba, kiangazi ukikauka unapasuka mpaka unapoteza shilingi ndani ya nyufa. Zege ikikaa juu yake bila kitanda kizuri itapanda na kushuka nayo, na zege haijui kupinda, inajua kupasuka.

Chimba shimo la kujaribu, kina futi mbili hivi, mwaga ndoo ya maji uangalie. Yakipotea upesi, ardhi yako inakunywa. Yakikaa mpaka umalize kupika wali na samaki, basi usitegemee shimo la kunyonya maji, utahitaji mtaro wa kuyatoa.

Na kabla hujaanza kuchora tafuta septiki iko wapi, paipu ya maji inapita wapi, na mizizi ya mwembe imefika wapi. Kifuniko cha septiki usikizike chini ya zege hata kama fundi anakwambia "mama, hiyo haijai sai". Itajaa, na siku ikijaa ni siku ya harusi.

KUPIMA MTEREMKO

Huhitaji mashine. Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita kumi hivi, ujaze maji mpaka usione povu hata moja la hewa, mtu mmoja ashike ncha moja ukutani na mwingine aende na ncha ya pili kule chini kwenye kigingi. Maji yakitulia, pande zote mbili ni levo moja hata kama macho yako yanakataa. Weka alama kwenye kigingi halafu pima kutoka alama mpaka chini. Fanya hivyo kila mita moja na uandike kwa karatasi, si kwa kichwa.

Kwangu ilitoka hivi: kila mita moja ukitembea kutoka nyumbani, ardhi inashuka sentimita 15. Sakafu ya nyumba iko sentimita 30 juu ya ardhi pale mlangoni. Baraza halifai kulingana na sakafu ya ndani, liache sentimita 15 chini, ndo maji ya mvua ya upepo yasiingie na ukuta usinyonye unyevu. Kwa hivyo pale ukutani baraza langu linasimama sentimita 15 juu ya ardhi.

Sasa fanya hesabu kabla ya kuota. Mie nilikuwa nataka baraza moja kubwa, mita 4 kutoka ukutani na upana mita 5. Ardhi itakuwa imeshuka sentimita 60, baraza lenyewe nalilaza kidogo lishuke sentimita 8, ukijumlisha na zile 15 za mwanzo ncha ya nje iko sentimita 67 hewani. Hicho ni karibu kimo cha meza, chote kifusi, na mtoto akianguka kutoka pale ni hospitali. Kosa la fundi wa kwanza lilikuwa hapo hapo.

Nikaligawa. Kiwango cha juu mita 2.5 kutoka ukutani, cha chini mita 2. Kiwango cha juu kinaisha sentimita 47.5 juu ya ardhi, hizo ni ngazi tatu za sentimita 16 hivi kila moja, mguu unazipenda. Kila kidato nimekipa upana wa sentimita 30. Ngazi niliziweka pembeni, si katikati, ndo zisikule nafasi ya mkeka. Juu tunakaa jioni, kahawa na kaimati, chini ni kwa jiko la mkaa na kamba ya nguo, na moshi haurudi ndani.

Kama ua wako unateremka kuja nyumbani badala ya kwenda mbali, hiyo ni kesi nyingine na ngumu zaidi. Hapo unakata kilima, unajenga ukuta upande wa juu, na lazima baraza lilale kidogo kwenda mbali na nyumba halafu mtaro uwe pale chini ya ukuta wa kilima, uchukue maji ya kilima na ya baraza pamoja kuyazungusha pembeni ya nyumba. Usikate udongo karibu na msingi wa nyumba bila mtu anayejua kuangalia. Na ukuta wowote unaozuia udongo ukipita mita moja, tafuta injinia na uulize kaunti kuhusu ruhusa, hapo si pa kujaribu bahati.

MAJI YATATOKA WAPI

Laza zege sentimita 2 kila mita, kwenda mbali na nyumba. Ukipunguza hapo, na vile ufundi wetu wa mkono ulivyo, utapata vidimbwi. Ukizidisha sana, kikombe cha chai kinateleza mezani.

Halafu gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa. Watu wanatengeneza baraza zuri na bati linamwaga maji yote juu yake, haina maana. Mie nilifunga gata upande wa jikoni na paipu yake nikaipitisha chini, kabla ya zege, ikatokee kule kwa migomba. Chini ya ukuta wa kiwango cha juu nikaacha mfereji mdogo upana wa mwiko, unashuka sentimita 1 kila mita kwenda pembeni, nao unaishia kwa migomba vilevile. Usiyaelekeze kwa jirani, hata kama jirani hamsalimiani.

UKUTA WA KUZUIA

Huu ukuta wa ukingoni, unaoshika kifusi kisiporomoke, ndo unabeba kila kitu. Chimba msingi mpaka ufike pagumu, kwangu ilikuwa karibu futi mbili, mwaga zege upana wa sentimita 60 na unene wa 20, halafu panga mawe ya inchi 9. Mawe ya matumbawe ya kukatwa yanafaa, bloku za simiti pia zinafaa bora usinunue zile zinazopukutika ukizisugua na kidole gumba.

Kila mita moja na nusu karibu na chini pitisha kipande cha paipu ya inchi 2, kitokeze nje. Nyuma yake weka kokoto, si udongo. Maji yakijikusanya nyuma ya ukuta yanausukuma usiku na mchana na ukuta utakuja kuinama, hayo matundu ndo pumzi yake. Fundi wangu alisema yanaharibu sura. Nikamwambia fundi, sura ntaipaka rangi, ukuta ukianguka ntapaka nini.

Acha ukuta ukae wiki moja kabla ya kujaza nyuma yake.

KUSHINDILIA, HAPA USIWE NA HARAKA

Toa udongo wote wa juu wenye majani na mizizi. Jaza kwa maram, ule udongo wa changarawe, au mabaki ya matumbawe, sentimita 15 kwa mara moja, nyunyiza maji kidogo, shindilia, ongeza nyingine. Kukodi ile mashine ya kushindilia kwa siku moja ni bora kuliko vijana wanne na kipande cha gogo, mie nimejaribu zote mbili. Ukipiga kisigino kwa nguvu na hakiachi alama, endelea. Kikiacha, rudia. Juu yake weka hadikoo, yaani mawe ya kuvunjwa, sentimita 15, mapengo yajaze kwa mchanga au vumbi la kokoto, shindilia tena, halafu tandika nailoni nzito ya geji 1000 ili zege isinyang'anywe maji na ardhi kavu.

Kumbuka kuna mstari pale ardhi uliyokata inapokutana na kifusi ulichojaza. Upande mmoja haushuki, mwingine utashuka hata kidogo. Ufa wangu wa kwanza ulifuata mstari ule ule utafikiri umechorwa na rula. Ukiweza, panga jointi ya zege, yaani pale unapoikata vipande, iangukie hapo.

CHUMVI

Hii inataka kusemwa taratibu kwa sababu mafundi wengi wa bara wakija Pwani hawaijui na wa hapa wameizoea. Visima vingi vya Mombasa maji yake yana chumvi, unaoga nayo sabuni haitoi povu. Ukiyachanganyia zege yenye chuma ndani, ile chumvi inaenda kula chuma. Chuma kikiota kutu kinavimba, kikivimba kinapasua zege kutoka ndani, ndo unaona nguzo na dari za nyumba karibu na bahari zinamwaga vipande na chuma kinachungulia. Mchanga wa ufuo nao ni hivyo hivyo, una chumvi na vipande vya kombe, usiukubali hata ukiletewa bure usiku.

Onja maji. Kweli, weka ulimini. Kama huwezi kuyanywa usiyachanganyie. Mie nilinunua boza la maji matamu, fundi akacheka akasema mama unainywesha zege chai. Sawa.

Mchanga upime na chupa: jaza mchanga kimo cha sentimita 10, ongeza maji na chumvi kijiko, tikisa sana, uache mpaka kesho. Tope litakaa juu kama maziwa mgando. Likizidi kama nusu sentimita na ushee, mchanga ni mchafu, rudisha lori.

BRC inayotosha kwa baraza ni ile nyepesi ya A142, nondo zake milimita 6 na nafasi ya sentimita 20. Ikalishe juu ya biskuti za zege, vile vipande vidogo vya kuinua waya, za sentimita 5, nyingi, kila hatua moja, ili juu yake ibaki karibu sentimita 4 za zege kuikinga na hewa ya bahari. Usikubali ile ya "tutaivuta na ndoano tukimwaga". Wanaivuta, halafu wanaikanyaga.

HESABU YA MALI

Unene wa zege ni sentimita 10. Eneo langu lote mita za mraba 22.5, kwa hivyo zege ni mita za ujazo 2.25. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne, kila mita ya ujazo inakula mifuko sita na kitu ya kilo 50. Nilinunua mifuko 16, mchanga tani moja na nusu, kokoto tani 3. Ukuta na ngazi ni hesabu yake mbali.

Usipime kwa sepetu, kila kijana ana sepetu yake na njaa yake. Tengeneza boksi la mbao, ndani sentimita 33 kwa 33 na kimo 32, hilo linachukua sawa na mfuko mmoja wa simiti. Boksi mbili za mchanga, nne za kokoto, mfuko mmoja, basi. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Vijana watataka kuongeza maji kwa sababu zege laini inasukumika rahisi, na ndo hapo inapoteza nguvu. Finya donge mkononi, libaki donge, lisichuruzike kama uji wa muhogo.

SIKU YA KUMWAGA

Chagua siku. Masika usijaribu. Januari na Februari jua ni kali na upepo wa kaskazi unakausha uso wa zege kabla hujamaliza kulainisha, utapata nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Mie nilingoja mwezi wa nane, hewa ya kusi imepoa, tukaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa nne tumemaliza paneli mbili.

Mbao za pembeni zifungwe imara na vigingi, na kona uzipime kwa mita 3, 4 na 5: pima 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, kimshazari ikitoka 5 kamili kona yako ni mraba. Levo ya ule mteremko iweke kwenye mbao zenyewe, kama mbao ziko sawa zege itazifuata, huwezi kuja kuurekebisha na mwiko mwishoni.

Gawanya eneo. Mie upana wa mita 5 niliukata katikati, kwa hivyo juu nina paneli mbili za mita 2.5 kwa 2.5, na chini mbili za 2 kwa 2.5. Kwa unene huu usipite mita 3 bila jointi. Waya ya BRC nayo iishie kwenye jointi, isivuke. Kati ya zege na ukuta wa nyumba weka stairofomu ya sentimita 1 kutoka juu mpaka chini, ili baraza likitikisika lisiisukume nyumba, baadaye unatoa kidogo juu na kuziba na lami au silikoni.

Mwaga, sambaza, pigapiga na ubao mrefu kwa kuuvuta kama msumeno, hewa itoke. Halafu subiri. Maji yatapanda juu yang'ae, usiguse mpaka yapotee, fundi akianza kulainisha maji yakiwa juu au akinyunyiza simiti kavu kuyakausha, ule uso utakuja kubanduka kama ngozi.

Na usipige niru, ule uso wa simiti laini unaosuguliwa mpaka ung'ae. Najua inang'aa na bibi yangu alikuwa na sakafu ya niru nyekundu unajiona uso, lakini ile ilikuwa ndani. Nje na mvua ni barafu. Tulichofanya ni kuchukua ufagio wa chelewa mpya, fundi akauvuta taratibu mara moja kwenda upande ule maji yanakoenda, akaacha mistari myembamba. Unakamata mguu na unaelekeza maji, na haigharimu chochote. Kama roho yako inataka mawe ya Mazeras, yale mawe bapa ya kutandaza, yapange juu baadaye, lakini kumbuka kuongeza unene wake kwenye hesabu ya zile sentimita 15 za mlango.

Jioni hiyo hiyo, zege ikishashika, funika kwa magunia na uyaloweshe, asubuhi mchana na jioni, siku saba bila kukosa. Wengi wanamwagilia siku mbili wakachoka. Kutembea juu yake siku ya pili ya tatu hakuna neno, lakini usiburute friji wala usimwage kokoto juu yake, inaendelea kukomaa mpaka siku 28.

Siku ya nane nikatoa magunia nikamwaga ndoo nzima pale mlangoni. Maji yakashuka na mistari ya chelewa, yakaingia mfereji, yakapotelea kwa migomba, isipokuwa kona moja karibu na ngazi kumebaki kidimbwi cha ukubwa wa sahani. Fundi akasema atarudi kukisugua na jiwe. Nikamwambia akiache, kuku wamekwisha kukigundua.